Siku ya Ishirini ya Kuku Mweusi

Kanuni ilikuwa ya Benedikta mwenyewe. Aliiandika kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kuibandika kwenye mlango wa jiko mwezi Januari mwaka 1984, wakati sabuni ilikuwa haijaonekana Kiabakari kwa wiki saba: Kuku asiyetaga majuma matatu ni wa chungu.

Hakuna aliyeibishia. Tangu mama yake afariki, yeye ndiye aliyeendesha nyumba ya Mzee Isidori, na nyumba hiyo iliishi kwa mayai. Yai lilibadilishwa kwa sabuni, kwa chumvi, kwa daftari, kwa kibaba cha sukari siku sukari ilipopatikana. Maganda yalikaangwa, yakasagwa na kurudishwa kwa kuku. Pumba kutoka mashineni zilichanganywa na vichwa vya dagaa. Kila jioni Benedikta alikifunika kichuguu kwa chungu kibovu kilichojaa magunzi na mavi makavu ya ng'ombe, na asubuhi alikifunua akakuta mchwa wa kutosha kuku wote. Hakuna kitu kilichoingia katika ua ule kikatoka bila kutumika.

Sasa, Jumapili ya tatu ya mwezi Juni, kanuni ilikuwa imemgeukia.

"Yule mweusi amelala pembeni tangu mwezi uliopita," baba yake alisema, akifunga vifungo vya koti la kwendea Misa. "Hajatoa yai hata moja. Ndiye wa leo."

"Analalia, Baba."

"Analalia nini? Jogoo tulimla."

"Kuku hubaki na mbegu ya jogoo ndani yake. Wiki mbili, hata tatu. Mayai niliyomwekea yalitagwa wiki ile ile."

Mzee Isidori alimtazama binti yake. Alikuwa amefanya kazi mgodini miaka kumi na minane, na mgodi ulimfundisha kutoamini kilicho chini ya udongo mpaka kiletwe juu.

"Nani amekwambia hayo?"

Walijua wote wawili nani alikuwa amemwambia.

"Mama," baba alisema kwa sauti ya chini. Alimwita hivyo kwa sababu binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa Mzee Isidori. "Mimi sikulazimishi. Lakini ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu kijana yule aondoke kwenda chuo. Miezi mitano hakuna barua. Mseti amemtuma mshenga wake mara moja, leo anamtuma mara ya pili, na katikati alileta sabuni bila kuombwa. Mimi nahesabu tu, kama wewe unavyohesabuga mayai yako."

"Na nikiwapikia kuku leo?"

"Unajua maana yake."

Alijua. Pale kwao, mshenga hakurudi kusikia jibu kwa maneno. Alikaribishwa, akanawa, akafunuliwa chakula. Kuku wa ujio wa kwanza alikuwa wa ukarimu tu, lakini akimkuta kuku ujio wa pili, posa imepokelewa, na yaliyobaki ni mazungumzo ya ng'ombe.

"Burito jirani atapita amchinje," baba alisema, akachukua kofia yake. "Natoka Misa na mshenga, Mzee Nyamhanga. Saa nane tuwe tumekaa mezani."

Benedikta hakuwa na kosa lolote la kumwandikia Mseti. Mseti alikuwa mgane wa umri wa miaka arobaini, mwenye mashine ya kusaga kule Bunda, mpole, hanywi. Siku ile alipopita na sabuni alimsalimia kwa heshima, akasifu banda la kuku, akaondoka mapema. Ndiyo iliyokuwa shida yake. Mtu mbaya angekataliwa kwa sababu. Huyu angekataliwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Alikuwa akichambua mchele alipomwona mwanamume amesimama kwenye lango la ua. Jua lilikuwa nyuma yake, uso hauonekani. Mwanamume yule hakuingia. Aliangalia chini, akaona karai la majivu lililowekwa pale langoni, akakanyaga ndani yake kwanza kwa mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akakung'uta viatu.

Wageni wote waliolivuka karai lile walilirukaga. Ni mtu mmoja tu aliyelikanyaga, kwa kuwa ndiye aliyelishauri, ili magonjwa ya kuku wa kijiji yasiingie na viatu.

Benedikta aliuweka ungo chini.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Mifugo."

Florian alisita. Mara ya mwisho hakuwa Bwana Mifugo. Alikuwa amekonda. Mkononi alibeba kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, na shati lake la kaki lilikuwa limegeuzwa kola, upande uliochakaa ukiwa umefichwa chini, kwa mishono mirefu ya mtu aliyejishonea mwenyewe. Benedikta aliitazama ile mishono zaidi kuliko alivyoutazama uso. Alitamani kuifumua palepale na kuishona upya, na hamu hiyo ilikuwa kali kiasi kwamba alilazimika kukunja mikono kifuani.

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mzee?"

"Yupo Misa."

"Na jogoo?"

"Tulimla."

Florian alicheka kidogo, kisha akaona kwamba yeye hacheki.

"Lini?"

"Siku ishirini na saba zilizopita. Walikuja wageni kutoka Bunda. Nilikuwa mashineni. Niliporudi nilikuta manyoya."

"Wageni gani hao wa kuchinjiwa jogoo wa mbegu?"

"Wageni wa posa."

Kuku mmoja alikuwa akitangaza yai lake bandani, kwa kelele nyingi na bila haya. Walimsikiliza mpaka akanyamaza.

"Na wewe ulikula?" Florian aliuliza.

"Nilikula bawa. Nyama haitupwi."

"Basi nimechelewa."

"Umechelewa miezi mitano. Sijui kama ni kuchelewa au ni kitu kingine. Nieleze wewe uliyesoma."

Aliweka kikapu chini. Mikono yake haikujua pa kwenda, ikaishia mifukoni.

"Posho ya chuo haikufika tangu Januari," alisema. "Tulikuwa tunakula uji asubuhi na uji jioni. Nilikaa na kalamu mara nyingi. Nilitaka kuandika siku nitakayokuwa na jambo la kusema. Nimemaliza, nimepata cheti, nimepangiwa kazi. Kabla ya hapo ningeandika nini?"

"Ungeandika 'nipo'."

"Nilikuwa na aibu, Benedikta."

"Nilikuwa nakwendaga ofisi ya parokia kila Ijumaa. Maili tatu kwenda, tatu kurudi. Mwezi wa pili karani alikuwa ananiambia hakuna kitu. Mwezi wa tatu akawa anatikisa kichwa tu. Mwezi wa nne alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani." Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. "Aibu yako ulikaa nayo chuoni. Mimi yangu niliibebaga barabarani, watu wakiiangalia."

Florian hakujitetea. Hilo ndilo alilompendea tangu mwanzo: akikosea hesabu, hakuilaumu kalamu.

"Ni kweli," alisema. "Nilikosa."

"Umepangiwa wapi?"

"Mpanda."

Benedikta alijua ramani. Gari mpaka Mwanza, treni mpaka Tabora, kisha treni nyingine. Alihisi umbali huo ukipita kifuani mwake kituo kwa kituo.

"Lini?"

"Leo. Landrova ya mifugo inapeleka chanjo Bunda, nimeomba lifti. Dereva amenipa nusu saa. Jana nililala Mugango kwa mama. Amewatumia sato."

Nusu saa. Alikuwa tayari ametumia robo yake kwa kugombana.

"Njoo," alisema.

Banda lilikuwa la fito na udongo, na ndani mlikuwa na harufu ya majivu na nyasi kavu. Kuku mweusi alikuwa kwenye kikapu kibovu pembeni, amejitandaza mpaka amekuwa bapa, macho yamemtoka. Florian alichuchumaa. Benedikta akachuchumaa upande wa pili, na kikapu kikawa kati yao.

"Jogoo alichinjwa Jumatatu," alisema. "Nilikusanya mayai ya wiki ile, kumi na mawili. Nikamwekea huyu Jumatatu iliyofuata. Ulisema mbegu hubaki."

"Hubaki." Alimgeukia. "Ulikumbuka hilo?"

"Nilikumbuka yote."

"Umeyapima kwenye mwanga?"

"Kwa betri zipi? Sijaona betri tangu Pasaka. Na sikutaka kumsumbua, akiacha kiota yanapoa."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ishirini."

Florian alipeleka mkono chini ya kuku taratibu, kama alivyomfundisha siku ile ya kwanza, kiganja juu, bila haraka. Kuku alimdonoa mara moja kwenye kifundo, kisha akamwachia. Alitoa yai moja. Juu yake kulikuwa na tarehe kwa mkaa, mwandiko wa Benedikta, karibu kufutika. Aliliweka sikioni akafumba macho.

Benedikta alimtazama wakati hatazamwi. Alitazama mfupa wa shavu ambao haukuwapo zamani, na vumbi la barabara kwenye nyusi. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa akimkumbuka mtu mnene kidogo kuliko huyu. Ilimbidi aanze upya kumkariri, na dakika zilikuwa chache.

Florian alifumbua macho. Alinyoosha mkono juu ya kikapu akaliweka yai kwenye sikio la Benedikta, na vidole vyake vikagusa nywele zake.

Mwanzoni alisikia damu yake mwenyewe. Kisha, ndani kabisa, sauti nyembamba: mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Baada ya hapo gonga dogo, kama ukucha kwenye ungo.

"Ametoboa ngozi ya ndani," Florian alisema kwa sauti ya chini. "Ameanza kuvuta hewa. Kesho atatoka."

"Mtoto wa jogoo wako."

"Wako. Nilikupa."

Hawakuuondoa mkono ule haraka, wala mmoja wao hakuwa wa kwanza kuuondoa. Aliyewakatiza ni Shangazi Dafroza, dada wa Mzee Isidori, aliyetokea mlangoni mwa banda na kisu mkononi.

"Nikasema nasikia sauti ya mwanamume, nikajua Burito amefika," alisema. "Kumbe serikali. Shikamoo za mjini zimekuishia, baba?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko chuoni mnasoma kuku bila kula kuku?" Alimpima kutoka kola mpaka viatu. "Haya. Burito amekwenda kuangalia ng'ombe wake na hajarudi, na jua linakimbia. Pale kwetu mwanamke hachinji. Wewe ni mwanamume, umesomea, na kisu hiki hapa. Tuchinjie huyo mweusi."

Alimnyooshea mpini.

Florian alikipokea kisu, maana mkubwa akikupa kitu hukiachi hewani. Alikishika huku yai likiwa bado katika mkono mwingine.

"Ni wa wageni gani, Shangazi?"

"Usiniulize unachokijua."

"Shangazi, mayai yana uhai," Benedikta alisema. "Kesho wanatoka. Sikiliza mwenyewe."

"Mimi sina masikio ya mayai. Jogoo ameliwa mwezi uliopita, wewe unalaliza mawe na kuyaita watoto. Kanuni ni yako, iko mlangoni, umeiandika kwa mkono wako. Nani mwingine hatagi? Nitajie. Niambie tuchinje mtagaji yupi, tule sabuni ya mwezi ujao."

Watagaji walikuwa sita na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Hesabu ya shangazi ilikuwa sahihi.

Florian alisimama. "Naweza kusema ni mgonjwa," alisema, akimtazama Benedikta tu. "Mimi ni Bwana Mifugo. Nikisema kuku huyu asiliwe, haliwi. Hakuna atakayeuliza."

Ilikuwa njia rahisi. Mzee asingebisha na cheti, wageni wangepikiwa kuku wa jirani, vifaranga wangetoka kesho. Na jibu kwa Mseti lingebaki lile lile: ndiyo.

"Hapana," Benedikta alisema. "Usiseme uongo kwa ajili yangu. Kuku ni mzima."

"Basi?"

Alikichukua kisu kutoka mkononi mwake akamrudishia shangazi, mpini mbele. Alilichukua yai, akalirudisha chini ya kuku, akasubiri mpaka kuku alipolivuta kwa mdomo na kulifunika. Kisha akatoka nje kwenye jua, akakifunua kile kikapu. Sato watatu, wamekaushwa kwa moshi, wa rangi ya shaba, wakubwa kama bapa la jembe.

"Nitapika hawa," alisema.

Shangazi Dafroza alishika kiuno. "Samaki? Wageni wa posa unawapa samaki? Watarudi Bunda waseme tumewafukuza."

"Hawatakuwa wamekosea."

Shangazi alimtazama mpwa wake, akamtazama Florian, akayarudisha macho kwenye samaki.

"Baba yako atakusemesha."

"Najua."

"Na huyu anaondoka. Nimeiona gari. Hata hakai kukusaidia kubeba maneno."

"Hilo nalo najua."

Honi ililia barabarani. Mara moja, kisha mara ya pili ndefu zaidi. Florian alisogea hatua moja kuelekea langoni akasimama.

"Nibaki," alisema. "Nimsubiri Mzee. Gari liende."

"Ukikosa kuripoti watampa mtu mwingine nafasi hiyo, na utarudi kwa Baba bila kazi, kama ulipokuja mwaka jana. Nenda." Sauti yake ilikuwa sawa kabisa mpaka kwenye neno la mwisho. "Nenda, Florian."

"Nitatuma wazee kutoka Mugango. Baada ya mavuno."

"Tuma. Lakini kwanza andika."

"Nitaandika."

"Hata ukiwa huna jambo. Hata ukiwa unakula uji."

Florian alimkaribia, na kwa kuwa shangazi alikuwa pale hakumgusa. Benedikta ndiye aliyenyoosha mkono, akaivuta kola kidogo kwa vidole viwili.

"Umeigeuza vibaya," alisema. "Ulipaswa kufumua yote kwanza."

Honi ililia mara ya tatu. Benedikta alisimama langoni mpaka vumbi la Landrova lilipoungana na vumbi la barabara ya Bunda na halikuweza tena kutofautishwa. Kisha akarudi jikoni kuloweka samaki, maana sato wa moshi anahitaji saa nzima kulainika.

Saa nane Mzee Nyamhanga alinawa mikono. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyezoea kubeba posa za watu na kuzirudisha. Mzee Isidori alikaa kulia kwake. Benedikta aliweka wali, akaweka bakuli la pili, akapiga magoti akalifunua.

Mvuke ulipanda. Harufu ya moshi na vitunguu ikajaa chumbani.

Mzee Nyamhanga aliinama, akachungulia, akakaa wima.

"Isidori," alisema, "naona ziwa limehamia Kiabakari."

Mzee Isidori hakucheka. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa bado amepiga magoti na mikono kwenye mapaja, macho chini, mgongo wima.

"Benedikta. Kuku yuko wapi?"

"Bandani, Baba. Analalia. Nimewasikia ndani ya mayai kwa sikio langu. Kesho ni siku ya ishirini na moja."

"Nani mwingine amesikia?"

"Florian. Amepita asubuhi. Ameondoka kwenda Mpanda kazini." Akaongeza: "Samaki ni wa kwao."

Uliosema mengi ulikuwa uso wa Mzee Isidori, ingawa haukusogea. Ulikuwa na hasira, na ulikuwa na aibu mbele ya mgeni. Lakini alikuwa ametaka kitu kiletwe juu ya udongo, na sasa kilikuwa kimeletwa, mbele yake, kwenye bakuli. Binti yake hakuwa amejificha nyuma ya ugonjwa wala nyuma ya machozi.

Alichukua kijiko. Akakata kipande cha mgongo wa sato, kile cha heshima, akakiweka kwenye sahani ya mgeni.

"Karibu, mzee mwenzangu," alisema. "Kuku ana kazi."

Mzee Nyamhanga alikunja mkono wa kanzu, akaanza kula, na akala vizuri, bila kuharakisha.

"Samaki mzuri," alisema alipomaliza. "Wa Mugango?"

"Wa Mugango," Benedikta alijibu.

"Nitamwambia Mseti nilikula samaki." Alijifuta mikono. "Atasikitika. Ni mtu mwema yule."

"Ni mtu mwema," Benedikta alisema, na alimaanisha.

Jua lilipokuwa likishuka, baada ya mgeni kuondoka, Benedikta alimkuta baba yake amechuchumaa bandani na koti lake la Misa, yai sikioni. Mkono wake ulikuwa na alama tatu za kudonolewa. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akalirudisha.

"Analia," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Barua huchukua muda gani mpaka Mpanda?"

"Wiki tatu. Treni ikitembea."

Mzee alisimama kwa shida, akajikung'uta magoti. "Basi usisubiri yake. Na yeye asipoandika safari hii, Benedikta, mimi mwenyewe nitakwenda Bunda kuomba radhi."

Vifaranga walitoka Jumatatu, kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Jioni, kwenye karatasi iliyobaki ya daftari la mwaka jana, Benedikta aliandika: Florian, wametoka tisa. Mayai matatu hayakuwa na kitu. Weupe ni wanne. Mchwa wapo wa kutosha.

Taarifa ziliishia hapo, na ukurasa ulikuwa bado mtupu karibu wote. Aliuangalia. Kisha akachovya kalamu na kuendelea kuandika.